Haki ya Jina Lake
Mhadhara juu ya askari vijana wa mwambao wa Uvira na wapagazi wao katika vita vya 1914–1918

Wazee wa Kavimvira, wa Mulongwe na wa Kalundu nawapa mkono wa kwanza, kwa sababu habari nitakayoisema ni yenu kabla ya kuwa yangu, na palipo na upungufu katika maneno yangu ninyi ndio wenye kuutimiza.

Nimeombwa kusema juu ya kumkumbuka kijana wa kwetu aliyeuawa vitani akiwa katika utumishi wa jeshi. Naona wengi walitazamia niseme juu ya vita vya zama zetu hizi, ambavyo majeraha yake yangali wazi katika nyumba zetu. Nami kwa makusudi nimerudi nyuma kupita miaka mia, hata kwa kijana aliyetiwa katika Force Publique, jeshi la koloni la Kongo siku za Wabelgiji, akavuka mto Ruzizi mwaka 1916, na asirudi. Sikufanya hivyo kwa kuwadharau wafu wa karibu. Nimefanya kwa sababu naitakidi kwamba namna tulivyompoteza yule wa kwanza ndiyo iliyotuzoeza kuwapoteza waliomfuata. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba kijana huyo, baada ya kuuawa na risasi au na maradhi, alipotezwa mara ya pili na utaratibu uliotungwa na watu, na kwamba jambo lililotungwa na watu laweza kutenguliwa na watu. Nitaleta hoja zangu kwa hesabu, ili mwenye kutaka kunipinga ajue pa kunishika.

1. Vita vilimkuta kwake

Hoja ya kwanza ni kwamba vita vile, ambavyo vitabuni huitwa vita vya Ulaya, havikuwa vya mbali na mwambao huu hata kidogo. Vita vilipotangazwa mwezi wa Agosti 1914, Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji, na ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, pale Usumbura ambapo leo tunaona taa za Bujumbura usiku usipokuwa na ukungu, ilipepea bendera ya Wajerumani. Mwezi ule ulipofika kati, Wajerumani walishambulia kutoka ziwani pale Mokolobu, kusini ya Uvira, wakavunja mitumbwi na kukata waya wa simu. Na tarehe 22 Agosti meli yao, Hedwig von Wissmann, ikaipiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, karibu na mlango wa mto Lukuga, ikaiacha haifai. Tangu siku hiyo hata mwisho wa mwaka 1915 ziwa lote lilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Mvuvi wa dagaa wa hapa kwetu, ambaye hakupata kumwona Mfalme wa Ubelgiji wala Kaisari, alikuwa akishusha mtumbwi wake katika maji ya vita.

Nao uwanda wa Ruzizi haukusalimika. Luvungi, ambayo kila mwenye kupanda gari kwenda Bukavu kwa njia ya uwandani huipita, ilishambuliwa mwezi wa Septemba 1915, na Wajerumani wakarudishwa. Uvira penyewe pakawa makao ya watu, mizigo na silaha, maana hapa na kandokando ya Ruzizi ndipo ilipokusanywa Brigedi ya Kusini chini ya Luteni Kanali Frederik-Valdemar Olsen, mtu wa Denmark aliyeingia katika utumishi wa Kongo. Ile ya Kaskazini ilikuwa chini ya Kanali Molitor huko Kivu, na juu yao wote alikuwa Jenerali Charles Tombeur. Mwaka 1916 Olsen alivusha watu wake. Tarehe 6 Juni wakaingia Usumbura, tarehe 17 Juni wakaingia Kitega; mwishoni mwa Julai wakaishika Kigoma, na mwanzoni mwa Agosti Ujiji; na tarehe 19 Septemba 1916, baada ya siku nyingi za mapigano makali, Tabora ikaanguka.

Nawasihi vijana mzitazame tarehe hizo kwa macho ya mtu atembeaye kwa miguu, na mara nyingi kwa miguu mitupu. Kutoka Ruzizi hata Tabora, kwa kupitia milima ya Burundi, ni mwendo ambao hata leo kwa gari huchosha. Naye kijana wetu aliufanya akiwa na bunduki begani, katika nchi ambayo aghalabu chakula kilikuwa kimekwisha kuliwa na jeshi lililomtangulia kukimbia. Fauka ya hayo, wale aliokuwa akiwapiga hawakuwa wageni wa lugha kwake. Askari wa Wajerumani walipeana amri na kutukanana kwa Kiswahili, na katika majeshi yote mawili walikuwamo vijana ambao, laiti mpaka ungalipitishwa bonde moja zaidi upande huu au ule, wangalikuwa wa jeshi moja. Wazee wa kando ya Ruzizi wanajua vyema ninalosema, kwa kuwa ukoo mmoja ulikuwa na mashamba kushoto na ng'ombe kulia.

2. Namna jeshi lilivyoundwa ndiyo iliyomnyima kumbukumbu

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, na naomba subira yenu.

Force Publique haikuwa jeshi la watu waliotoka kijiji kimoja wakaenda vitani bega kwa bega, kama walivyofanya Waingereza wengi katika vita vile vile, wakafa pamoja na majina yao yakachongwa pamoja katika kanisa la kijiji chao. Kila wilaya ilitakiwa kutoa idadi yake ya vijana kila mwaka, na chifu ndiye aliyetwikwa dhima ya kuwapata; naye, kama ilivyo desturi ya mwenye kulazimishwa kutoa, aghalabu alimtoa asiye na mtetezi: yatima, mtumwa wa zamani, mtoto wa ukoo mdogo, au kijana mwenye ulimi mkali barazani. Muda wa utumishi ulikuwa miaka saba. Kijana aliyechukuliwa akiwa na miaka kumi na minane alitarajiwa kurudi akiwa mtu mzima, kama alirudi.

Kisha ukaja utaratibu mwingine. Mwaka 1895 askari waliasi Luluabourg, na mwaka 1897 likaasi jeshi kubwa lililokuwa likiongozwa na Baron Dhanis kuelekea Mto Nile, na vita vya kuwafuatia waasi vikafika hata pande zetu hizi. Wabelgiji wakatoa funzo kutoka katika maasi yale, nalo ni kwamba askari wa kabila moja wasiachwe pamoja, bali wachanganywe katika kila kikosi, na wapelekwe kutumika mbali na kwao. Mfuliiru akapelekwa asikojua mtu. Mzande na Mtetela wakaletwa hapa. Kwa mwenye kutawala ulikuwa utaratibu wa busara. Kwa mama aliyebaki kijijini ulikuwa na maana nyingine, isiyoandikwa katika amri yoyote: mwanawe akifa, hapakuwa na mtu wa kwao karibu naye wa kumfumba macho, wala wa kuyashika maneno yake ya mwisho, wala wa kurudi siku moja kuketi ukumbini na kusema, nilikuwapo.

Tafakarini jambo hilo, hadhirina. Sisi watu wa mwambao huu, Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Wabwari, Warundi, Wanyamulenge na wote waliokuja kukaa nasi, tunatofautiana katika mengi, lakini sote tunajua kwamba kifo huhitaji shahidi. Matanga hayakaliwi kwa tetesi. Ili watu wakae chini, moto uwashwe, Waislamu wasome hitima na Wakristo waimbe, sharti awepo mtu aliyeona, au aliyepokea habari kwa aliyeona. Kijana wa Force Publique aliyefia Tabora aliwaacha wazazi wake katika hali ambayo si ya kufiwa wala si ya kungoja. Na nyumba ambayo haikukaa matanga huona vigumu kumpa mjukuu jina la yule asiyejulikana kama ni marehemu. Hivyo jina likakatika mahali ambapo kwa desturi yetu lingalianza upya.

Wala karani hakutusaidia. Kijana aliandikwa kwa namba, na jina lake likaandikwa jinsi sikio la mgeni lilivyolipata. Yule aliyeitwa kwao kwa jina la babu yake akaitwa kikosini kwa jina la chifu wake, au la kijiji chake, au la utani aliopewa na sajini. Twaweza kulikuta jina hilo katika karatasi na tusijue kwamba ni letu.

Natija ya hoja hii naisema bila kuficha: kijana wa kwetu si yule tu aliyezaliwa kati ya Kavimvira na Kalundu. Maadamu jeshi liliwatawanya, waliozikwa katika udongo wa Luvungi na wa Uvira wengi wao walizaliwa Uele, Sankuru au Maniema, na wetu sisi wamelala kwa watu. Basi tukitaka Tabora au Kitega wawaangalie wa kwetu, sharti sisi tuanze kwa kuwaangalia wa kwao waliolala hapa. Mgeni aliyezikwa kwako ni amana, na mwenyewe yuko mahali anauliza.

3. Mpagazi naye ni wa vita

Nilisema kwamba ziwa lilikuwa la Wajerumani hata mwisho wa mwaka 1915. Hali haikugeuka ila baada ya tarehe 26 Desemba 1915, Waingereza walipoishika meli ya Wajerumani, Kingani, kwa mashua zao mbili walizozileta kwa nchi kavu kutoka Afrika Kusini, na tarehe 9 Februari 1916, walipoizamisha Hedwig von Wissmann. Kwa muda wote kabla ya hapo, mchele, chumvi, risasi na dawa zilizohitajiwa Uvira hazikuweza kupita majini kwa salama. Zilipanda milima ya Mitumba juu ya vichwa vya watu, kutoka Maniema, kwa njia zilizokuwa za misafara tangu siku za pembe. Na jeshi lilipovuka Ruzizi, vichwa vile vile vikaendelea nalo.

Wapagazi waliotumiwa na Wabelgiji katika vita hivyo, wengine kwa siku chache, wengine kwa miezi, wanahesabiwa kuwa wapatao 260,000. Hesabu ya waliokufa haikubaliani katika vitabu. Kimoja kinataja askari Waafrika 1,895 na Wazungu 58. Kingine kinafikisha askari 2,620, na mbali nao wapagazi 15,650. Sikuwaletea tarakimu hizi ili tupime kipi ni sahihi. Nimezileta mwone kwamba kwa hesabu hii ya pili, kwa kila askari mmoja aliyekufa walikufa wapagazi karibu sita, na aghalabu si kwa risasi: ni kwa kuhara damu, kwa homa ya mapafu juu ya milima yenye baridi ambayo mtu wa ziwani hakuizoea, na kwa njaa. Askari alikuwa na namba. Mpagazi wa wiki mbili hakuwa nayo hata hiyo. Kwa hiyo yeyote atakayejenga kumbukumbu ya askari wa Uvira akamwacha nje mbeba risasi zake, kumbukumbu yake itakuwa pungufu tangu msingi, nami sitaiunga mkono.

4. Mawe yaliyosimamishwa, na yale yasiyosema

Mtasema: je, hawakukumbukwa? Walikumbukwa, kwa namna. Brussels, katika kitongoji cha Schaerbeek, ilisimamishwa mwaka 1970 sanamu ya heshima ya majeshi ya Afrika, na Saint-Gilles kuna ukumbusho wa Jenerali Tombeur mwenyewe. Waingereza nao walisimamisha sanamu za askari Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ilikaa mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann, na mpaka leo hapo huitwa Askari. Ni kazi nzuri za mikono, wala siwazuii watu kuzitazama. Lakini sanamu moja ya shaba kwa ajili ya maelfu humheshimu askari kama jinsi, haimheshimu kama mtu. Ilhali katika ukuta wa Menin Gate, kule Ypres nchini Ubelgiji, yamechongwa majina ya watu wapatao 54,000 ambao maiti zao hazikupatikana. Huko mtu aliyepotea alipewa jina lake ukutani kwa sababu kaburi lake halikuonekana. Kwetu kupotea kwa kaburi kulifanywa kuwa hoja ya kupoteza na jina.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Waingereza na wenzao, iliyoundwa mwaka 1917 kwa ahadi kwamba wafu wote watatendewa sawa, ilikiri katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ungamo hilo lilichelewa, lakini lilitoka, na tangu hapo kazi ya kuyatafuta majina imeanza katika nchi jirani zetu. Makaburi ya majeshi ya Ubelgiji hayamo katika dhima ya tume hiyo. Kwa hiyo hatuna wa kumngojea.

5. Kumkumbuka yeye si kuitukuza bendera yake

Najua liko neno ambalo wazee wengine mmelishika ulimini kwa adabu, msipende kunikatiza. Mtaniuliza: je, hawa si watu wa Bula Matari, yaani wa serikali ya kikoloni? Si hao waliokuja vijijini na fimbo ya kiboko kudai kodi, wakachukua mbuzi na kufunga watu? Ndiyo, walikuwa hao. Wala sitaki tuwaoshe kwa machozi. Jeshi lile lilikuwa mkono wa utawala wa mabavu, na kijana aliyetiwa humo kwa nguvu mara nyingi aliwatenda wengine kwa nguvu. Wako watu Burundi na Tanzania ambao babu zao waliona ghala zao zikifunguliwa na jeshi hilo likipita, nao wana haki ya kukumbuka hivyo.

Lakini mtazameni faida ilikwenda kwa nani. Mwaka 1919, tarehe 30 Mei, Pierre Orts wa Ubelgiji na Alfred Milner wa Uingereza walipatana juu ya kugawa nchi zilizotekwa. Ubelgiji ukapata Ruanda na Urundi, na mwaka 1921 ukaikabidhi Kigoma kwa Waingereza. Katika mapatano hayo hakuna mahali palipouliza kijana wa Ruzizi alipata nini. Mwaka ule ule wa 1919 Paul Panda Farnana, Mkongo aliyepigana upande wa Ubelgiji mwaka 1914 akatekwa na Wajerumani na kukaa kifungoni hata mwisho wa vita, aliunda huko Brussels chama cha Wakongo, akadai watu wake watambuliwe kuwa watu. Huyo ndiye mwalimu wangu katika jambo hili. Alijua kudai haki ya aliyetumika bila kuisifu kazi aliyotumishwa.

Basi mimi nasema tumkumbuke kijana huyu kama mwana aliyechukuliwa nyumbani, pamoja na aliyotendwa na aliyoyatenda, yote kwa pamoja, kama tunavyofanya kwa jamaa zetu wengine wote tunaowazika. Na kwa mama waliomo humu ukumbini ambao wana wao walichukuliwa katika miaka hii ya karibu, na wangali hawajui wawalilie au wawangoje, sina la kusema ila kwamba nilikuwa nikiwawaza ninyi katika kila sentensi ya hoja yangu ya pili.

6. Kazi iliyo mbele yetu

Ninachopendekeza ni daftari. Sitaki sanamu kwanza. Sanamu ina gharama, na itatutenganisha kabla haijaanza kuchongwa. Daftari liwe na milango minne. Wa kwanza ni wazee wenyewe, na hasa wanawake wazee, ambao hushika nasaba kuliko sisi. Maswali yawe machache: aliitwaje nyumbani, baba na mama yake walikuwa nani, chifu aliyemtoa alikuwa wa wapi, nani alileta habari za mwisho, na kama ameachiwa mjukuu jina. Mtu akisema sijui, karani aandike sijui, asimwekee maneno kinywani.

Mlango wa pili ni vitabu vya dini, na hapa natoa tahadhari kwa watafiti wetu chipukizi. Misheni ya Wapentekoste wa Uswidi ilifika Uvira mwaka 1921, vita vimekwisha. Kwa hiyo vitabu vya ubatizo vya hapa mjini haviwezi kumtaja kijana huyu, ila huenda vikamtaja mjane wake au mdogo wake. Mapadri Weupe, waliokuwako katika ziwa hili tangu karne ya kumi na tisa, walikuwa na desturi ya kuandika shajara katika kila kituo, siku baada ya siku. Humo tutafute kupita kwa majeshi na wapagazi. Na misikiti ya Ubwari na ya hapa Uvira ina masimulizi yasiyotiwa wino, ambayo yakikosa mwandishi sasa hayatamngoja mwingine.

Mlango wa tatu uko Brussels, ambako nyaraka za utawala wa Kongo zimewekwa, na ambako wako watoto wa mji huu wanaosoma na kufanya kazi. Wapewe orodha yetu ya awali, ili watakapofungua karatasi wajue wanatafuta nini. Maana mwenye kwenda na jina la kijiji na la chifu atatambua hata jina lililoandikwa vibaya.

Mlango wa nne ni majirani. Naomba tukubaliane usiku huu kwamba barua zitakwenda kwa walimu wa Kitega, wa Kigoma, wa Ujiji na wa Tabora, si za kuomba tu bali na za kutoa: tuwaambie makaburi ya wageni tunayoyajua hapa na huko Luvungi, yaliko, na yanavyotunzwa. Kabla ya kuziandika, shule za uwandani zingefanya vyema kutembea na wazee na kutia alama mahali hapo, kabla mashamba hayajapanuka zaidi.

Kuhusu tarehe, nasikia wengine wangependa 11 Novemba, kama Ulaya. Mimi naipendelea 19 Septemba, siku ya Tabora, ingawa najua ilikuwa siku ya ushindi wa wengine. Na kama wazee wana siku iliyo bora, nitaifuata. Kwenye meza iliyo karibu na mlango ameketi mwalimu mmoja mwenye daftari jipya na kalamu mbili. Atakuwapo mpaka taa zizimwe, na kesho atakuwapo tena tangu asubuhi, na anayekumbuka jina, hata nusu ya jina, namsihi asiondoke kabla hajalisema.